Uji Uliolala Sandukuni

Mwezi uliopita nilipita Singida Mjini kumsalimia Rehema, mjukuu wa dada yangu, anayeuza uji jirani na stendi ya mabasi. Nilimkuta amenunua sufuria ya umeme, ile inayopika polepole. Jioni anatia maji na mtama uliovunjwa, anabonyeza kitufe, anakwenda kulala. Asubuhi uji umeiva wenyewe. Hakuna moshi, hakuna kukoroga, hakuna kupuliza kuni mbichi mpaka macho yawe mekundu. Niliizunguka ile sufuria mara tatu. Nilitaka kujua joto lake linatoka chini au ubavuni. Nikashika mfuniko.

"Babu, usifunue," Rehema akasema. "Ukifunua joto linakimbia."

Nikaondoa mkono haraka. Akacheka, akadhani nimeungua.

Sikuungua. Ila usiku ule sikupata usingizi, na siku mbili baadaye nilipanda basi kwenda kufanya jambo nililokuwa nimelikwepa kwa miaka mingi. Naandika haya kwa ajili ya Rehema na wenzake wa pale stendi, na kwa kijana yeyote atakayelisha watu asubuhi chakula alichokiacha peke yake usiku kucha. Mwanzoni nitawachekesha kidogo. Mwishoni sitawachekesha.

Shule niliacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Lori la vitunguu lilipata pancha mbele ya shule, nikatoka kwenda kuona jeki inavyoweza kuinua mzigo mkubwa vile. Lilipoondoka niliondoka nalo, nijue vitunguu vyetu vinakwenda kulala wapi. Vililala Dodoma. Mimi nililala jikoni kwa mama lishe mmoja aliyekuwa anatafuta mtu wa kuosha masufuria. Toka hapo sikutoka jikoni, ingawa jiko lenyewe lilikuwa likibadilika kila mara: kambi za barabara, mafundi wa reli kule Itigi, bweni la shule, machimboni. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoishiwa maswali, kisha nikahama. Mke nilipata mmoja, akachoka kunifuata, na simlaumu.

Uji wa chenga za mtama si kama uji wa unga. Unga unauchemsha kidogo tu umekwisha. Chenga ni kaidi. Zinataka saa nyingi na joto la pole, na kwetu kuni si kitu cha kuchezea. Mtu anaweza kutembea nusu siku kwa mzigo mmoja. Nikiwa bado mgeni wa kazi, kwenye kambi ya barabara upande wa Manyoni, niliwasha moto mkubwa ili nimalize mapema. Chini uji ukaungua, juu chenga zikabaki ngumu kama zilivyotoka kinuni. Msimamizi wa vibarua akatafuna kijiko kimoja, akatema, akauliza mbele ya watu wote:

"Mpishi, hii tule, au tukaimwage barabarani tushindilie?"

Walinipa jina la Kokoto. Nilihama kambi, jina likanifuata kwa lori lililofuata.

Aliyenifundisha kupika kwa kusubiri alikuwa Mama Hadija. Alikuwa mpishi wa nyumba ya kusubiria kwenye kituo kimoja cha afya vijijini. Jina la kijiji naliacha. Watu wake hawajanikosea. Nyumba ya kusubiria ni mahali ambapo wajawazito wanaotoka mbali hukaa wiki zao za mwisho, ili uchungu usiwakute njiani. Mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima kabisa, miaka thelathini na kitu, nimepikia mamia ya watu, na nilidhani najua. Mama Hadija aliniangalia ninavyokoroga, akaninyang'anya mwiko.

"Unakoroga kama unayemfukuza mtu," alisema. "Njoo huku."

Akanionyesha sanduku lake. Lilikuwa sanduku la mbao linalofika magotini, limejazwa makapi ya alizeti aliyoyaomba kwenye mashine ya kukamulia mafuta. Makapi alikuwa ameyashonea ndani ya viroba ili panya wasipate njia, na katikati ameacha shimo la ukubwa wa sufuria moja. Mfuniko wa sanduku ulikuwa mto mnene wa makapi hayo hayo, na ubao juu yake. Hakuna moto ndani. Hakuna waya. Nilipiga magoti, nikatia kichwa ndani ya lile shimo kutafuta kinachopika. Mama Hadija akanigonga mgongoni na mwiko.

"Kinachopika hukukiona. Toka."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chenga zinalowekwa toka asubuhi. Alasiri unainjika. Uji uchemke kweli, si kutoa mapovu ya pembeni. Uchemke mpaka mfuniko ucheze. Tangu ucheze, usitazame saa. Pepeta nyungo tatu za mtama wa kesho, polepole, na ungo wa tatu ukiisha ndipo uepue. Usifunue hata kidogo. Itumbukize sufuria shimoni ikiwa bado inanguruma, funika kwa mto, weka ubao, zungushia kipande cha kanga, funga. Mama Hadija alikuwa na shoto, kwa hiyo fundo lake lilielekea upande wa kushoto, na mkia wa kanga ukaning'inia huko. Akishafunga alipiga ubao kofi moja, akasema maneno yale yale kila jioni:

"Umelala. Atakayeuamsha aurudishe motoni uchemke upya. Akishindwa, aniambie."

Mimi, bila shaka, nikauliza kwa nini.

"Chakula hakiharibiwi na moto, wala baridi kali," alisema. "Kinaharibiwa na uvuguvugu. Hapo ndipo wadudu wanapotandika kitanda. Sanduku likifungwa vizuri, joto linaondoka kwa adabu, mpaka alfajiri sufuria bado inaunguza. Ukilifungua jioni, uji unalala vuguvugu usiku mzima. Asubuhi utauonja, utamu ule ule. Wadudu hawana chumvi."

Asubuhi kipimo kilikuwa kiganja. Unakiweka kwenye tumbo la sufuria, unahesabu. Ukifika tatu bila kuruka, uji ule una la kujieleza.

Wanawake wa pale walinipenda, nadhani kwa sababu nilikuwa kichekesho. Kati yao alikuwapo Tatu. Alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili, ndiyo maana alikuja kusubiri mapema kuliko wengine wote. Ungetegemea awe mtu wa huzuni. Hakuwa. Alikaa kwenye jamvi nje ya jiko, miguu ameinyoosha, akichambua mtama wetu bila kuombwa, na akinichokoza.

"Shemeji, leo umekwisha kuuliza maswali mangapi?"

"Kwa nini?"

"Ehe! Mmesikia? Hilo la kwanza!"

Wakaangua kicheko wote. Ndiye aliyeniita Bwana Kwa Nini, na jina la Kokoto likafa. Mimi nilimuuliza mengi: kwao wanahifadhije mtama usiliwe na wadudu, kwa nini mama yake anavuna vitunguu asubuhi tu, mtoto anapogeuka tumboni inasikikaje. Hilo la mwisho alilifikiria.

"Kama mtu anayetafuta kitu gizani kwenye nyumba ya mwenyewe," alisema. "Hana haraka. Anajua kipo."

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa msimu wa baridi, ule upepo wetu wa mwezi wa sita unaotafuta mifupa. Jua lilikuwa halijazama. Mama Hadija alikuwa amefunga sanduku, amepiga kofi lake, amekwenda kwake. Mimi nilibaki kufagia. Na lile swali lililokuwa likinisumbua kwa wiki kadhaa likanijia tena: chenga inaivia wapi kwanza, nje au kwenye moyo? Nikasema, nitazame moja tu. Nani atajua?

Nikafungua fundo. Nikafunua mto, nikafunua sufuria, nikachota kwa kijiko kilichokuwa mezani, kijiko ambacho sikukiosha. Nikatoka nacho nje penye mwanga, nikaipasua chenga kwa ukucha. Moyo wake ulikuwa mweupe bado, umezungukwa na sehemu laini. Nilifurahi kama mtoto. Nikarudi, nikachota nyingine nilinganishe. Na wakati huo huo nikasikia pikipiki ikizimika barabarani na mtu akiilaani. Nikaenda kuona. Mnyororo ulikuwa umekatika, na yule bwana alikuwa akiuunganisha kwa kipande cha msumari. Sikuwahi kuona mnyororo ukiungwa kwa msumari. Nilisimama pale, nikashika hiki, nikauliza kile, mpaka akawasha na kuondoka.

Sufuria ilikuwa wazi muda wote huo, na upepo unapita jikoni.

Niliporudi niliigusa. Ilikuwa vuguvugu. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeambiwa kila jioni. Kuwasha moto, kuchemsha upya, nyungo tatu. Lakini kuni zilizobaki zilikuwa za asubuhi, na zikipungua Mama Hadija angeona. Nikajiambia bado ina joto, itatosha. Nikafunika. Nikafunga kanga. Nikapiga ubao kofi kama yeye.

Asubuhi aliweka kiganja chake. Akahesabu tatu. Akahesabu kumi. Akageuka kunitazama.

"Mbona vuguvugu? Ulifungua?"

Hapo ndipo maisha ya watu yalipokuwa, vijana, katika neno moja la kujibu. Ningesema ndiyo, angemwaga, angenitukana, wanawake wangekunywa chai ya rangi, na mimi ningecheka nao baada ya siku mbili.

"Sijafungua, Mama. Ni baridi hii."

Alitazama sanduku. Alitazama nje, majani yalikuwa meupe kwa umande wa baridi. Kama sanduku lenyewe limeshindwa na baridi, basi uji ulipoa karibu na alfajiri tu, na haukuwa na neno. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu yake, na ilikuwa hesabu sahihi kwa mtu aliyeambiwa kweli. Akaupasha moto kidogo, akatia maziwa na karanga, akawapa.

Kabla ya mchana sita kati yao walikuwa wanatapika na kuharisha. Watano walipata nafuu siku ya pili. Tatu aliumwa kuliko wote. Hakuna kilichokaa tumboni, hata maji. Muuguzi alimwekea dripu. Usiku wa pili uchungu ukamjia kabla ya wakati wake. Mtoto hakulia.

Sikuingia ndani. Nilisikia kupitia ukuta wa jiko. Sitawaeleza nilichosikia.

Kamati ya kituo ilikaa kwenye ukumbi wa nje. Muuguzi aliulizwa kama ni uji. Alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Sitasema ni uji, wala sitasema si uji. Ninachojua, juzi alikuwa mzima." Mama Hadija hakujitetea. Alisema mpishi ni yeye na sufuria ni yake. Wakamwambia aache kazi. Mzee mmoja akaniona nimesimama mlangoni.

"Na wewe msaidizi, una la kusema?"

"Sina, mzee."

Mama Hadija alikusanya vyombo vyake, akafunga mzigo. Kile kipande cha kanga akakivua kwenye sanduku, akanipa mkononi. "Utakihitaji," alisema. Tatu alichukuliwa na mumewe siku ya nne, kwa baiskeli, amefunikwa blanketi. Alipopita jikoni hakugeuka. Mimi nilipika pale wiki tatu, nikahama.

Toka siku hiyo nimekuwa mpishi mzuri. Niseme kweli, nimekuwa mzuri sana. Popote nilipokwenda nilitengeneza sanduku, nikajaza makapi ya alizeti, au pumba za mpunga, au mablanketi ya zamani, na hakuna aliyeumwa tena kwa mkono wangu. Watu walinisifu kwa ukali wangu juu ya vyombo. Sifa hizo ziliniingia kama chenga mbichi.

Kwa hiyo wewe Rehema, na wenzako, shikeni haya. Kwanza chemsha kweli, kwenye moto, ndipo umimine ndani ya hiyo sufuria ya umeme. Usitie maji baridi ukategemea mashine ipande taratibu. Maziwa yatie asubuhi. Kijiko cha kuonjea kioshwe kabla, si baada. Na umeme wetu mnaujua. Unaweza kukatika saa tano mkiwa mmelala, ukarudi saa kumi. Mtaamka mkute uji wa moto, unatoa mvuke mzuri, kumbe umelala vuguvugu saa tano nzima, na mvuke ule ni uongo mtupu. Nunueni saa ya ukutani ya kuchomeka, isiyo na betri, mwichomeke pamoja na sufuria. Asubuhi tazameni saa kabla ya uji. Kama iko nyuma, umeme ulikatika kwa kiasi hicho hicho. Mwaga. Usipashe, usionje, usimwulize mtu. Mwaga, na wateja waambie leo hakuna, na sababu waambie.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Siku mbili baada ya kutoka kwa Rehema nilikwenda Issuna, ambako nilisikia Mama Hadija anaishi kwa binti yake. Nilimkuta ameketi juani, amepungua, macho yanaona lakini miguu imekataa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Umezeeka vibaya."

"Mama, nimekuja na neno."

"Umechukua muda."

Nilitoa kile kipande cha kanga mfukoni. Rangi ilikuwa imekwisha. Alikishika, akakinyoosha juu ya goti, kisha akanirudishia, akaonyesha kapu la mahindi lililokuwa karibu.

"Lifunge."

Nililifunga. Mkia wa kanga ukaning'inia upande wa kulia. Alilitazama fundo kwa muda, akatikisa kichwa taratibu.

"Hilo ndilo nililoliona asubuhi ile," alisema.

Nikautazama ule mkia. Wake siku zote ulining'inia kushoto.

"Nililiona kabla sijakuuliza. Ukaniambia hukufungua. Nikaukubali mdomo wako, nikayakatalia macho yangu, kwa sababu wanawake walikuwa na njaa na mimi nilikuwa nimechoka, na kumwaga sufuria nzima si jambo dogo. Mbele ya kamati ningesema nini? Kwamba nilijua nikawapa?" Alipangusa goti lake kana kwamba lile fundo limeacha vumbi. "Toka hapo sijapika. Binti yangu anadhani ni miguu."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi na wewe tulikuwa wawili jikoni. Mimi najua, wewe unajua. Asiyejua ni Tatu. Usiniombe mimi radhi halafu ukapande basi la kurudi."

Akanielekeza aliko, nikapanda basi la kwenda mbele. Tatu anaishi sasa upande wa Kinampanda, kwa kaka yake. Mume alimwacha mwaka uliofuata. Hakupata mtoto mwingine. Haya niliambiwa na dereva wa bodaboda aliyenifikisha, bila hata kumuuliza, kama watu wanavyotaja kisima kilichokauka.

Nilimkuta anaanika vitunguu. Alinitambua kabla sijasalimia. Nilisema yote nikiwa nimesimama: fundo, kijiko, mnyororo wa pikipiki, "ni baridi hii", na lile "sina, mzee". Sikuongeza neno la kujitetea. Aliendelea kugeuza vitunguu, kimoja kimoja, mpaka mstari ukaisha. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Bwana Kwa Nini," alisema. Hakucheka. "Pale uliuliza kila kitu. Mtama wa mama yangu uliuuliza. Mtoto akigeuka inasikikaje, uliuliza. Alipozaliwa, hukuuliza kama ni wa kike au wa kiume."

Nilisimama na kofia yangu mkononi.

"Alikuwa wa kike. Nilimpa jina. Nalo, miaka yote hii, hakuna aliyeniuliza."

Nikamuuliza.

Akanitajia, mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Jina hilo siwaandikii hapa.